Konokono wa Serikali

Hotuba ya Bwana Absalom Obiero, Mwenyekiti wa Kudumu wa Halmashauri ya Maendeleo ya Viumbe Laini vya Maji Baridi, siku ya kufunguliwa kwa Kituo cha Kome, ufuoni chini ya Kisian, mwaka wa 1993, kama ilivyosikika na watu waliokuwa wameketi juani.

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, ambaye ameshindwa kufika lakini amewakilishwa na Mkuu wa Wilaya; Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, ambaye naye ameitwa Nairobi ghafla lakini amewakilishwa na Ofisa wa Tarafa; Ofisa wa Tarafa, ambaye ana malaria lakini ametuma Landrova yake, ile pale naiona chini ya mti, karibu sana; mgeni wetu wa heshima na mfadhili wetu, Dokta Halvorsen, aliyevuka bahari na milima kutoka Ulaya ya Kaskazini, ambako nimeambiwa jua huja kwa mwaliko; Chifu Tom na manaibu wake; wachungaji, mapadri na shehe mmoja; Bwana Harbans, mwenye kinu cha chakula cha kuku mjini Kisumu; akina mama wa Kikundi cha Magamba, mkiongozwa na Mama Beldina; wazee wenye vigoda na wazee wasio na vigoda; wanafunzi mlioruhusiwa leo kukosa hesabu; mabibi na mabwana; na kwa kuwa hii ni siku yao, viumbe laini vyote vya maji baridi, vilivyomo ndani ya beseni hili mbele yangu na vile vilivyobaki ziwani: hamjambo?

(Hatujambo. Beseni halijibu.)

Hamjambo tena?

(Hatujambo sana. Chifu Tom amesimama, kwa hiyo watu wanaitikia kwa nguvu.)

Kabla sijaanza, ningependa kuanza kwa kusema kwamba mimi si mtu wa maneno mengi. (Makofi.) Mimi ni mtu wa vitendo, na vitendo vyangu nimezoea kuvieleza kwa urefu na mapana ili visije vikapotea, maana nchi hii imepoteza vitendo vingi vizuri kwa kukosa maelezo. Nimezaliwa hapa. Maji haya nimeyaoga kabla sijajua sabuni. Nikisimama mbele yenu leo nikiwa nimevaa suti ya vipande vitatu, msione suti, oneni mtoto wa ziwa ambaye ziwa lilimtuma Nairobi akaliombee, naye akaliombea, na akaliombea, na wakubwa wakampa cheo ili anyamaze, lakini je, nimenyamaza?

(Hapana, wanasema watu, kwa huzuni kidogo.)

Sasa turudi nyuma kihistoria, ili hata mgeni wetu, ambaye katibu muhtasi wangu Lornah anamtafsiria pale pembeni, apate kuelewa tulikotoka. Mwaka wa 1985, nikiwa bado Naibu Msaidizi wa Mkurugenzi Msaidizi, nilipelekwa ng'ambo kwa wakishopu ya viumbe laini, ambavyo kwa lugha ya kitaalamu tunaviita moluska. Huko nikaonyeshwa konokono. Mimi nimewaona konokono maisha yangu yote, lakini ndugu zangu, yule alikuwa konokono. Mkubwa, ana mistari ya njano mgongoni kama mtu aliyepewa nishani, na anatembea bila haraka, kama mtu ambaye mshahara wake unaingia. Wataalamu wakaniambia kwamba konokono huyu, ukimtia ziwani, atamsukuma, atamla na kumnyima nafasi yule konokono mwovu abebaye kichocho, yule anayefanya matumbo ya watoto wetu yavimbe. Nikasema: huyu ndiye. Nilimleta mimi mwenyewe, yeye na mkewe na jamaa zake, ndani ya mkebe wa biskuti uliotobolewa, nimeupakata mapajani kutoka huko hadi Nairobi, na mhudumu wa ndege aliponiuliza nimebeba nini, nikamjibu kwa neno moja tu: maendeleo.

(Makofi. Dokta Halvorsen anapiga makofi pia, akichelewa kidogo nyuma ya tafsiri.)

Tuliwamwaga papa hapa, kwa ngoma. Nikasema siku hiyo, na waliokuwepo watanishuhudia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Na ili kuilinda rasilimali hiyo adimu isije ikachezewa, nilitoa agizo kupitia kwa Chifu, agizo ambalo hata leo likikumbukwa mimi mwenyewe husisimka, kwamba konokono wale ni mali ya serikali. Atakayemkanyaga, atakayemrushia jiwe, atakayemtoa majini hata kwa nia ya kumtazama tu, huyo atakuwa ameikanyaga, ameirushia jiwe na ameitoa majini serikali yenyewe.

(Watu wanakumbuka. Mzee mmoja nyuma anamwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika, kwamba yeye alilala selo kwa ajili ya konokono mmoja aliyejiingiza mwenyewe ndani ya mtego wake wa samaki wa kamongo. "Walifunga mimi," anasema, "lakini konokono walirudisha kwa maji na heshima.")

Nashukuru, Mzee, kwa ushuhuda huo wa utawala wa sheria. Je, matokeo yalikuwaje? Nitawapa takwimu, kwa kuwa takwimu hazina chuki. Tathmini tuliyoifanya sisi wenyewe, kwa kujitegemea, ilionyesha kwamba mgeni wetu ameyazoea mazingira kwa asilimia mia moja na kumi na nne. Amezaa hapa, amezaa kule Mamboleo kwenye mifereji ya maji safi, ameingia mashamba ya mpunga bila kuombwa. Amekula majani ya majini, amekula mayai ya konokono wenzake, na pale mchangani walipokuwa wakikaa kome wetu, wale wa magamba mawili, amekaa yeye. Kuhusu yule konokono wa kichocho, kusema ukweli wa kisayansi, huyo ndiye peke yake ambaye hakusumbuliwa, kwa sababu yeye hupenda maji machafu ya mitaro, na mgeni wetu, kwa kuwa ametoka nchi iliyoendelea, anapenda maji safi. Watoto bado wanavimba matumbo, hilo silikatai, sijawahi kulikataa, lakini sasa wanavimba wakiwa karibu na konokono wa kisasa, na hatua hiyo si ndogo.

(Makofi ya manaibu wa chifu.)

Basi, mwaka wa 1990, wafadhili wakaanza kuuliza habari za viumbe wetu wa asili, kome na wale konokono wadogo wa mchangani, ambao kwa ujumla wao tunawaita bayodaivasiti. Wakasema, Bwana Obiero, tunasikia mgeni amezidi. Mtu mwingine angekasirika. Mimi nilichukua hatua kabla hata sijajua swali linahusu nini. Nikaitisha kamati, kamati ikaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikala chakula cha mchana, na jioni yake ikazaliwa Operesheni Debe. Amri ilikuwa rahisi: kila boma ufuoni lilete debe moja la konokono kwa Chifu kila Jumamosi, wamwagwe shimoni, wafunikwe chokaa. Haba na haba hujaza kibaba. Ndugu zangu, shimo la kwanza lilijaa! La pili likajaa! Chifu Tom hapa alikuwa akipima debe kwa mkono wake mwenyewe, akiangalia kama limefika ukingoni, na lisilofika ukingoni analirudisha. Na idadi ya konokono ufuoni ikashuka kwa asilimia themanini na saba, rekodi ambayo Afrika Mashariki haijaifikia na sidhani kama itathubutu...

(Makofi. Mama Beldina, mwenyekiti wa akina mama wa magamba, hapigi. Amesimama, mikono kiunoni.)

Mama, maswali ni baadaye.

("Si swali, Bwana Mwenyekiti. Hizo zilikuwa zetu.")

Zipi, Mama?

("Hizo zenye mlijaza kwa shimo. Ilikuwa kome yetu na hizo konokono ndogo za mchanga. Ile ya serikali hatukugusa. Si wewe ulisema ni ya serikali, mtu akigusa anashikwa? Hiyo agizo hamjawahi kufuta. Sasa Chifu anakuja anasema leteni konokono, kila boma debe. Tungeleta gani? Tulileta yetu. Adier, kweli, kwani tungeenda kuiba ya serikali tukalete kwa Chifu?")

(Kicheko kikubwa kinapita kati ya watu, halafu kinaisha ghafla, kwa sababu kila mtu hapa alibeba debe. Chifu Tom anaviangalia viatu vyake. Dokta Halvorsen anamwinamia Lornah, anataka kujua mama anasema nini. Lornah anamwambia mama anaisifu serikali.)

Asante, asante sana Mama Beldina kwa mchango huo. Ndugu zangu, mmesikia? Hapa ndipo tunapoiona nidhamu ya watu wa ziwa. Mahali pengine, na sitataja mahali, mwananchi angeambiwa alete konokono angekwenda moja kwa moja kwenye mali ya serikali na kuipora. Mwananchi wa hapa ametoa cha kwake. Ametoa mpaka kikaisha. Kutoa ni moyo!

("Na hatukuwa tunatoa yenye iko hai," Mama Beldina anaendelea, hajakaa. "Tangu mama zetu, sisi tunaokota gamba yenye maji imetupa. Imekufa yenyewe, iko kavu. Yenye inapumua unaacha, ndiyo kesho iko. Ile mwaka askari alisimama hapo na rungu, tukachimba mchanga kwa mikono, tukitoa zenye zinapumua. Mimi nililia. Dorca huyu alilia. Na sasa ukitembea kwa ufuo, unapata nini?")

(Dorca anaonyesha viganja vitupu.)

Mama, tulia, nakuja hapo hapo. Umenichukulia maneno mdomoni. Ni kweli kwamba sekta ya magamba imepitia changamoto. Mgeni wetu Dokta afahamu kwamba akina mama hawa wamekuwa wakiokota magamba makavu, wakiyaanika na kuyachambua, na Bwana Harbans akiyasaga na kuyachanganya na dagaa kuwa chakula cha kuku, na kuku wakitaga mayai magumu yanayofika Nairobi salama. Leo gamba la kome hakuna, lililopo ni la huyu mgeni wa njano. Na Bwana Harbans ameniambia, tukiwa tunakunywa chai, kwamba gamba hili ni jembamba, likiingia kinuni linapeperuka, na kuku akililishwa anataga yai lenye ganda la kubonyea, ukiliweka juu ya meza linalala.

("Kama chapati," anasema Bwana Harbans kutoka kiti chake. "Mimi sikatai mama hawa, Bwana. Miaka ngapi tunafanya kazi pamoja, mimi na Beldina. Lakini kuku anakataa.")

Na mimi nikamwambia, Bwana Harbans, usiangalie upande mmoja. Yai laini halivunjiki. Hilo nalo ni tunda la utafiti wetu, ingawa hatukulitarajia. Lakini kwa kuwa sisi ni serikali sikivu, na kwa kuwa akina mama hawa wana watoto wa kusomesha, tumesema hapana, kome lazima warudi! (Vigelegele. Hivi ni vya kweli.) Ndiyo sababu leo, mbele ya macho yenu, ninafungua rasmi Kituo cha Kitaifa cha Ufufuaji, Uzalishaji na Urejeshaji wa Moluska Asilia, ambacho jina lake la kifupi bado linajadiliwa na kamati.

Dokta, naomba utazame. Kulia kwako ni matangi ya uzalishaji, yaliyopangwa kwa safu kwa mujibu wa strateji. Humo kome watalala, watazaa na kufundishwa kujihami. Kushoto, ndani ya hema lile jeupe, ni maabara, na mlangoni mwake ni hadubini inayoweza kumwona konokono mpaka nia yake. Wale vijana wenye makoti meupe ndio wanasayansi wetu. Wanasayansi, pungeni mkono. (Wanapunga. Mmoja ameshika kisu; anakihamishia nyuma ya mgongo.) Na humu ndani ya beseni ndimo walimo wazazi wa taifa jipya la kome, waliopatikana kwa taabu na akina mama hawa hawa, baada ya kutafuta tangu Jumatatu kule kwenye matete ambako Operesheni haikufika. Kufikia mwaka wa 2000, kwa makadirio ya wastani, kila Mkenya atakuwa na kome arobaini na wawili wa kwake. Mradi huu ni shirikishi, ni sasteinabo, una indiketa, na kila indiketa ina gari lake.

Na sasa nifike kwenye kiwanja. Uwanja huu tuliosimama, kwa miaka mingi, akina mama wa magamba walikuwa wakiutumia kuanikia bidhaa zao. Ulikuwa mweupe mpaka macho yanauma. Mwaka jana, kwa hiari yao wenyewe, mbele ya Chifu na askari wake, waliutoa ili Kituo kijengwe. Hakuna aliyelazimishwa. Hata yule aliyeanguka alianguka kwa sababu ya matope.

("Hatukutoa," anasema Mama Beldina. "Tuliazima. Mliambia sisi tuazime mpaka kome irudi. Nataka useme mbele ya huyu mgeni. Kome ikirudi, kiwanja inarudi kwetu ama hairudi? Sisi hatuna shamba, Bwana Mwenyekiti. Mimi ni mjane, Dorca ni mjane, hawa wote wenye unaona hapa mbele ni wajane. Shamba ilienda na mashemeji. Hii mahali ndiyo hakuna shemeji alitaka, kwa sababu ilikuwa ya magamba tu.")

(Lornah amesita, halafu safari hii anamtafsiria mgeni neno kwa neno, bila kumtazama bosi wake. Dokta Halvorsen anamgeukia Mwenyekiti na kungoja jibu.)

Eeh. Swali zuri. Swali zuri sana, na hakuna haja ya kumsumbua Dokta kwa jambo la kifamilia, lakini kwa kuwa ameshasumbuliwa, natamka hapa, hadharani, na Landrova ya serikali ikiwa shahidi: kome watakapojaa tena ufuoni, kiwanja hiki kitarudi kwa akina mama. Nimesema. Na mimi nikisema, nimesema.

(Vigelegele. Dokta Halvorsen anainuka na kumpa mkono Mama Beldina. Picha inapigwa. Kisha dereva anakuja mbio na kunong'ona.)

Naambiwa ndege ya mgeni wetu haingoji mtu. Dokta, watu hawa maskini hawana cha kukupa ila jogoo huyu. Mshike kwa mabawa, hapana, kwa mabawa, ndiyo hivyo. Neno moja kwa wananchi kabla hujaondoka?

("Asante sana," anasema Dokta Halvorsen kwa Kiswahili, na uwanja mzima unalipuka kwa furaha. Anaingia garini na jogoo wake, Lornah akimsindikiza. Gari linaondoka upande wa Kisumu. Mwenyekiti analitazama mpaka vumbi linatua, halafu anafungua kifungo cha koti.)

Basi. Tumebaki watu wa nyumba moja, na watu wa nyumba moja hawafichani. Asiyewashukuru watu hata Mungu hamshukuru, kwa hiyo sasa ninatoa shukrani, nanyi mnaotajwa mniwie radhi kwa kuwa nitawaomba muanze kubeba mara tu mnapotajwa, maana jua linakwenda.

Namshukuru Bwana Harbans kwa matangi ya uzalishaji, ambayo ni mapipa yake ya molasi. Lori lake lipo barabarani, naomba vijana wasaidie. Nawashukuru ndugu zetu wa buchari ya Mamboleo kwa kutuazima makoti meupe, na kwa kukubali kuwa ndani ya makoti hayo siku nzima. Najua kuna ng'ombe anawangoja. Nashukuru shule yetu ya upili kwa hadubini, na mwalimu wa bayolojia asiwe na wasiwasi, kioo kilikuwa kimepasuka tangu mwanzo. Kanisa, asanteni kwa hema; nimesikia kuna mazishi kesho, poleni sana. Kile kibao cha jina la Kituo kibebwe kwa uangalifu na rangi isikwaruzwe upande wa nyuma, kwa sababu upande wa nyuma ni zahanati, na zahanati inafunguliwa mwezi ujao karibu na Maseno.

(Uwanja umeanza kufumuka. Mapipa yanabingirishwa. Hema linashuka taratibu juu ya wanasayansi wawili waliokuwa wamelala humo. Sauti moja inauliza: "Kwa hivyo hakuna Kituo?")

Nani amesema hakuna? Ndugu yangu, usipotoshe umma. Kituo kilikuwepo tangu asubuhi, kimeonwa kwa macho na mfadhili, kimepigwa picha za rangi. Kuna vituo vingi katika nchi hii ambavyo havijawahi kuwepo hata kwa kiwango hicho. Fizibiliti stadi, yaani upembuzi yakinifu, ya Kituo hiki ilifanyika miji mitatu ya Ulaya, nami niliihudhuria yote bila kukosa siku, na ndiyo iliyomaliza bajeti. Je, mngependa tujenge bila kufanya fizibiliti?

(Mama Beldina anauliza polepole: "Na kiwanja?")

Ahaa, kiwanja. Mama, wewe ni mtu mwenye akili, fuatana nami. Nilisema kome watakapojaa, kiwanja kitarudi. Kituo cha kuwajaza kome, kama mlivyoona sasa hivi, kinakwenda zake. Bila Kituo kome hawatajaa. Wasipojaa, mtaanika nini? Mtu haaniki kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo Halmashauri ilikaa, mimi nikiwa mwenyekiti, ikaona ni hatari kuacha uwanja wa ufuoni bila mradi, watu wabaya wanaweza kuunyakua. Ikapendekezwa apatikane mlezi mwaminifu. Jina langu likatolewa na mimi mwenyewe, na likapita kwa kauli moja, kwa sababu wajumbe wengine hawajateuliwa bado. Hati ilitoka zamani. Panajengwa hoteli, ndugu zangu, ya ghorofa, inayotazama ziwa, na kwa ajili ya kuwaenzi viumbe wetu wa asili itaitwa Hoteli ya Kome, ili mtu asije akasema Obiero hakuwarudisha kome nyumbani. Akina mama mtapewa kipaumbele katika kufagia.

(Mama Beldina haonyeshi kama amesikia. Anainama, anashika ukingo mmoja wa beseni, Dorca anashika mwingine. Wanaliteremsha hadi majini, mbali na mawe yenye konokono wa njano, wanawatoa kome mmoja mmoja na kuwapachika mchangani. Mwenyekiti anawatazama, halafu anawageukia waliobaki.)

Na sasa tumalizie kwa uzalendo. Nikisema kome, mseme juu! Kome!

("Juu," wanasema manaibu wa chifu.)

Mazingira!

("Juu," anasema naibu mmoja.)

Wanawake!

(Wanawake wamerudi kutoka majini. Wanapita kati ya viti vinavyokunjwa, wanaingia katikati ya uwanja, na kukaa chini. Wanaketi kwa safu, miguu imenyooshwa mbele, nguo zimekusanywa magotini, kama wanavyoketi kila siku wanapochambua magamba. Wengine wasio wa kikundi wanakuja na kuketi nao. Yule mzee wa selo anakuja na kigoda chake.)

Mama Beldina, mkutano umekwisha.

("Tumesikia, Bwana Mwenyekiti. Wewe nenda tu salama.")

Nimesema mkutano umekwisha, na nimewashukuru. Kila mtu aende kwake.

("Ndiyo hapa.")

Chifu! Chifu Tom!

(Chifu Tom amesimama pembeni. Anamwangalia Mwenyekiti, anawaangalia wanawake. Wa tatu kutoka mwisho ni mama yake mzazi. Anavua kofia, anaipangusa vumbi, anaendelea kuipangusa.)

Jamani, ninyi ni watu wangu. Mimi ni mtoto wenu. Asanteni sana kwa kuja, asanteni kwa utulivu wenu, asanteni kwa kiwanja, Mungu awabariki, muwe na safari njema. Inukeni basi. Nimesema asanteni...

(Mwenye kipaza sauti amekuja kuchukua kipaza sauti chake.)